Koti Lililobaki Kaskazini

Gore, 9 Februari 1986

Dada Noeline,

Natumaini mko wazima wote, wewe na shemeji Ihaka na mtoto Ripeka, na kwamba zile mvua hazikuwaangushia machungwa. Sisi huku kusini hatujambo. Mzee anakula vizuri na analala vizuri, ila magoti ndiyo hayo. Dukani mbegu za turnipu zimechelewa kuja na wakulima wananinunia mimi kana kwamba nimezikalia. Paka wa mama alikufa mwanzoni mwa mwaka. Tulimzika chini ya waridi, na mzee akavua kofia.

Sasa nikupe habari. Nimeitoa pikipiki ya baba kwenye turubai. Umesoma sawasawa, ile BSA, pamoja na kigari chake cha pembeni. Panya walikuwa wamejenga ndani ya kiti cha kigari, familia nzima na wajukuu. Nimesafisha kabureta, nimebadilisha plagi na nyaya, nimeshona kiti upya. Jumamosi iliyopita ikawaka. Mzee alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha jikoni, na aliposikia ule mlio alisimama bila fimbo.

Julai, katikati ya baridi, nitampeleka kwenye Mkutano wa Pua Nyekundu, ule wa wapanda pikipiki. Yeye kwenye kigari, mimi kwenye usukani. Tutapita njia yenu ileile, Cromwell, mlima Lindis, mpaka kambini kando ya ziwa Tekapo. Siku mbili kwenda, mbili kurudi. Ana miaka sabini na tisa, dada. Tusipokwenda mwaka huu sioni tutakwenda lini.

Ninachoomba kwako ni maarifa. Wewe unaijua baridi ya barabarani. Mimi naijua ile ya kusimama getini tu.

Na lile koti la dereva, bado unalo? Ungelituma kwa posta, ningekurudishia Agosti likiwa safi. Simu usipige. Mzee hasikii vizuri kwenye simu na inamchosha.

Mdogo wako,
Isla

*

Kerikeri, 2 Machi 1986

Mdogo wangu Isla,

Tuko salama. Mvua imepita, machungwa yamebaki, Ihaka anakusalimu na anasema umpe mzee busu la shavuni. Ripeka amefaulu mtihani wa kuogelea na sasa anajiona samaki. Pole kwa paka.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pikipiki imewaka na hakuna aliyeniambia kwamba inatengenezwa. Umefanya kazi kiangazi kizima, wewe na baba uani, na mimi napata habari kama jirani. Haya.

Wewe unajua, lakini ngoja niandike. Tangu nina miaka kumi nilikaa kwenye kile kigari kila Julai. Nilipofika kumi na sita baba akanipa usukani, akaingia yeye kwenye kigari na chupa yake ya chai, na tukaenda hivyo mpaka nilipoolewa. Kambini watu walikuwa wakiuliza, "Dereva wako yuko wapi, mzee?" Walikuwa wakiniulizia mimi.

Umeomba maarifa, chukua. Chupi ndefu za sufu, si za pamba, pamba ikishika jasho itakugandisha. Juu ya fulana weka magazeti kifuani na magotini, gazeti la Jumamosi ndilo nene. Glavu za sufu, kisha juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo, nunua za mwanaume zikutoshe. Tafuta suti kuukuu ya kuzamia baharini, kata mikono yake uivishe kwenye mishikio ya usukani, upepo hautaingia. Miwani isugue kwa sabuni ya vyombo isishike ukungu. Beba kamba ya katani, mkikuta theluji Lindis utaizungusha kwenye tairi la nyuma. Viazi unajua mwenyewe, vitoke jikoni vikiwa moto, kimoja kila mfuko, vipashe mikono mpaka saa ya kula. Chumvi usisahau, baba hali kiazi bila chumvi.

Soksi ni jozi mbili. Sikiliza, mbili. Ukijaza buti soksi damu haipiti na miguu inakufa.

Na usiondoke kabla hujakaa friji. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyepanda kwenda Pua Nyekundu bila kukaa friji. Dougal bado anashika funguo za chumba cha barafu pale kiwanda cha nyama? Muombe. Wewe hukuwahi kukaa, ulikuwa ukitazama kwenye kidirisha na mama, kwa hiyo nakwambia: inatisha.

Baba mwenyewe anasemaje? Mbona haniandikii hata mstari mmoja?

Dada yako,
Noeline

*

Gore, 23 Machi 1986

Dada Noeline,

Salamu kwenu nyote. Mpongeze Ripeka. Huku umande umeanza kuganda asubuhi na majirani wanachoma majani. Mzee hajambo, anakusalimia.

Asante kwa maarifa. Suti ya kuzamia nimeipata kwa mtu wa Bluff anayezamia chaza. Inanuka hasa, lakini nimekata mikono yake na inaingia vizuri kwenye mishikio. Ngozi za kondoo za kutandika kigarini ninazo tatu. Nimeshona kifuniko cha turubai cha kumfunika mzee kutoka kifuani mpaka miguuni, chenye vifungo ambavyo hata yeye na vidole vyake anaviweza. Kuhusu soksi, nimeishi Gore maisha yangu yote, sina haja ya mtu anayevaa kandambili mwaka mzima kunifundisha soksi.

Cha ajabu mzee hajali vitu hivi. Anajali kioo. Kile kioo kidogo cha kigari kilikuwa kimepasuka na mimi nilitaka kukiacha hivyo, maana abiria atatazama nini nyuma? Akasema hatoki bila kioo. Amelishikilia jambo hilo wiki nzima. Nimemnunulia kingine.

Umeandika kurasa tatu na hukusema neno moja kuhusu koti. Nilidhani nimeruka mstari, nikasoma tena. Liko au haliko?

Isla

*

Kerikeri, 20 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Tuliipata barua yako kabla ya Pasaka, nikawa sina nafasi. Ndugu zake Ihaka walijaa nyumba nzima, tulipika kwenye shimo uani, nguruwe na viazi vitamu, nikamkumbuka baba, jinsi asivyoweza kula nguruwe bila kulalamika. Ihaka ameumia mgongo lakini anajifanya mzima.

Kuhusu koti, ngoja niseme ukweli. Limeliwa na nondo. Ile ngozi ya nje bado, lakini manyoya ya ndani yamekwisha kabisa. Haliwezi kumsaidia mtu. Samahani.

Sasa na mimi niseme langu. Umri huo, barabara hiyo, Julai, na dereva ambaye hajawahi kuvuka Lindis hata kwa basi. Ungeniambia mapema ningekuja kumwendesha mwenyewe. Ningeacha machungwa, ningeacha kila kitu. Nafikiri hata baba angependa hivyo. Lakini hukuniambia, na naona katika barua zako hakuna mahali umeandika "njoo". Si vibaya. Naona tu.

Nimemwandikia baba barua yake peke yake mara mbili tangu Krismasi, na hajajibu. Mtu huyu alikuwa akiniandikia kila Jumapili. Unampa barua zangu, au zinaishia kwenye droo yako? Nitapiga simu.

Noeline

*

Gore, 18 Mei 1986

Dada Noeline,

Salamu. Mpe pole shemeji, asijifanye kijana. Simu usipige, nimekuomba.

Barua zako mzee anazipata. Namsomea zote, neno kwa neno, akiwa kitini karibu na jiko. Kunifikiria kwamba naficha barua kumeniuma na sitalirudia jambo hilo.

Jumapili tulikwenda kukaa friji. Dougal alitufungulia mlango wa nyuma wa kiwanda, wakasukuma pikipiki ndani kati ya mizoga ya kondoo inayoning'inia, wakaweka lile feni kubwa mbele. Wanaume wa zamu walikuja wote kutazama. "Mzee Wattie amerudi kazini," wanasema, "mpeni kisu." Alifurahi mno. Alifanya kazi humo ndani maisha yake yote, anapajua kama sebuleni kwake. Nikamfunga kigarini na ngozi zake na turubai lake na chupa ya maji moto tumboni, mimi nikapanda na koti la mvua la mkata manyoya ya kondoo ambalo nimelinunua, na sweta mbili, na magazeti. Wakawasha feni.

Hatukufika nusu ya saa. Kwanza miguu yangu ilipotea. Nilikuwa nimevaa soksi jozi nne, haya, cheka. Nilipovua buti vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa na Dougal akanisugua huku ananitukana. Lakini miguu ina dawa, nitavaa mbili. Tatizo ni upepo. Lile koti la mvua linazuia maji, halizuii baridi. Upepo uliingia shingoni ukatokea kiunoni, nikatetemeka mpaka nikashindwa kubana klachi. Mzee yeye yuko kigarini anakula pipi, anauliza mbona feni imezimwa mapema.

Dougal alinivuta pembeni. Anasema kwa koti hili nisivuke Lindis na mtu kigarini, dereva akiganda mikono wote wawili wanaingia bondeni. Anasema la dereva ni lile la marubani, la ngozi, lililojaa manyoya, lenye kola inayofika masikioni, ambalo mzee alinunua mnadani baada ya vita. "Si mnalo nyumbani?" anauliza. Nikasema limeliwa na nondo.

Halafu nikarudi nyumbani nikatazama picha mliyotutumia Krismasi. Ripeka amesimama jikoni na keki yake. Nyuma yake, mlangoni, linaning'inia koti, zima, jeusi, na manyoya yamejaa kwenye kola kama siku ya kwanza. Nondo wa Kerikeri ni hodari, dada. Wamelimaliza lote kati ya Krismasi na Pasaka.

Bila koti hatuendi. Sasa unajua.

Isla

*

Kerikeri, 8 Juni 1986

Isla,

Sina habari za nyumbani za kukupa leo. Wote wazima.

Hakuna nondo. Koti liko mlangoni, natazamana nalo sasa hivi.

Nina wivu. Nimeliandika, sasa lisome. Nina wivu mpaka nikiona jina lako kwenye bahasha naigeuza kifudifudi mezani. Nilipoolewa niliondoka na koti lile kwa sababu baba mwenyewe alinivisha kituoni. Alisema, "Hili la dereva. Dereva ni wewe." Kisha nikasikia kwamba ameifunika pikipiki turubai na hakwenda tena, na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijua kile kiti hakuna mwingine atakayekikalia. Kitakaa hivyo, kitupu, kinanisubiri. Sasa wewe umefunua turubai, umetengeneza kila kitu kwa mikono yako, na unataka na koti.

Huku hakuna baridi ya maana. Nalivaa asubuhi nikienda kuchuma machungwa, jasho linanitoka, Ihaka ananiuliza kama naenda Urusi. Silivui. Kola yake bado inanuka petroli na chai ya baba. Nikilituma litarudi linanuka wewe.

Wewe unaye kila siku. Unampikia uji, unamkata kucha, unamsikia akikohoa chumba cha pili. Mimi sina hata mstari mmoja wa kalamu yake tangu mwaka jana. Kwa hiyo nakwambia hivi: baba akiniandikia kwa mkono wake kwamba koti apewe Isla, nitalituma siku hiyohiyo. Neno lake. Lako halitoshi.

Noeline

*

Gore, 22 Juni 1986

Noeline,

Hawezi kukuandikia. Umenibana, sasa nitasema, na nilikuwa nimeapa sitasema.

Hakuandikii kwa sababu kwake yeye wewe hukuondoka. Uko hapa. Unampikia uji na kumkata kucha. Mimi ndiye Noeline. Ilianza baada ya mama kufa, mara mojamoja, nikadhani ni ulimi umeteleza. Tangu mwaka jana ni kila siku. "Noeline, chai iko wapi?" "Noeline, umetia mafuta kwenye mnyororo?" Mwanzoni nilimsahihisha. Alinitazama kwa adabu, kama mtu aliyekosea nyumba, akasema, "Samahani mama." Ameniita mama, kama mgeni anavyomwita mwenye hoteli. Nikaacha kumsahihisha. Afadhali niitwe wewe kuliko niwe mtu asiyemjua.

Barua zako namsomea. Anatikisa kichwa, anasema, "Isla anaandika vizuri siku hizi. Maskini, yuko mbali sana." Ndiyo sababu sitaki upige simu. Angesikia sauti yako akasema hujambo Isla, na wewe ungejua, na mimi ningekuwa nimesimama pale na kitambaa cha vyombo.

Unasema unanionea wivu. Keti usikie wangu. Nilisimama getini kila Julai tangu nina miaka mitano. Mwaka wa kwanza walisema kifua changu kibovu. Mwaka wa pili walisema kigari ni cha mtu mmoja. Baadaye hawakusema kitu, ilikuwa imeshazoeleka. Mlikuwa mkipita na hamgeuki hata mmoja wenu. Ulipoolewa nikafikiri, sasa zamu yangu, nilikuwa mtu mzima, leseni ninayo. Akafunika pikipiki turubai. Sikuuliza. Na sasa nimebaki na mtu huyu, namfanyia yote, na shukrani zote anakupa wewe. Jana alinishika mkono akasema, "Sijui ningefanya nini bila wewe, Noeline." Nikasema, "Si kitu, baba." Halafu nikaenda kupasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Sikukuambia uje kwa sababu sikutaka. Nilitaka mara moja, siku nne tu, nimwendeshe mimi. Hata kama ananiita wewe.

Koti usitume. Kaa nalo. Nimeazima ngozi ya kondoo nzima kwa Dougal, nitaikata niivae chini ya koti la mvua, na nitajaza magazeti mpaka nisome habari kwa kifua. Tutaendesha polepole. Tukishindwa Cromwell tutarudi.

Isla

*

Kerikeri, 27 Juni 1986

Isla,

Koti hili hapa. Kwapa la kushoto lilikuwa limefumuka, nimelishona kwa uzi wa viatu. Funga mkanda juu ya kiuno, si chini, la sivyo upepo unapanda. Kola isimamishe kabla hujavaa kofia ngumu, baada ya hapo huwezi. Asubuhi usitumie breki ya mbele kwenye vivuli, hasa ukishapita Omarama, barafu ya pale haionekani mpaka umeshaanguka.

Chumvi iko mfuko wa ndani.

N.

*

Gore, 20 Julai 1986

Dada Noeline,

Salamu kwa wote nyumbani. Tumerudi jana, salama, wote wawili. Mzee ana mafua kidogo na anajivunia. Pua yake imepata nishani, ile ya bati iliyopakwa rangi nyekundu, kwa kuwa mzee kuliko wote kambini. Ameibandika kwenye pajama na haruhusu kuitoa.

Koti lilifika Ijumaa moja kabla hatujaondoka. Nilitaka kulirudisha bila kulifungua, nakuambia ukweli. Lakini mzee aliliona kwenye meza, akaliinua, akanivisha mwenyewe. Alifunga kila kifungo. Akasimamisha kola. Dougal akatufungulia friji, tukakaa saa nzima na feni, na nilikuwa na joto mpaka nikasinzia. Mikono imenizidi kidogo. Wewe una mikono mirefu.

Sitakuandikia njia yote, unaijua. Cromwell tulikula viazi. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti bila kuuliza, akatoa chumvi kama mtu anayetoa kwenye kabati lake. Tulilala Tarras kwa wenye nyumba wakarimu waliotuwekea matofali ya moto kitandani. Asubuhi mafuta yalikuwa mazito kama asali, nikapiga teke mpaka goti likavimba. Lindis ilikuwa na theluji upande wa kivuli. Nilishuka nikazungusha kamba kwenye tairi, vidole vyangu vinafanya kazi, dada, ndani ya zile glavu za vyombo, na mzee ananielekeza kutoka kigarini kwa sauti ya meneja. Juu kabisa nilisimama. Sikuwa nimejua kwamba kunakuwa kimya vile. Nilikuonea wivu upya, kwa miaka yote ile mliyopaona bila mimi.

Kambini walimpokea kama mfalme. "Wattie! Tulidhani umekufa." "Nilikuwa na shughuli," anasema. Mwenye ndevu mmoja akanitazama na koti lile akasema, "Na huyu ndiye dereva wako." Mzee akasema, "Ndiye, Noeline wangu." Nikacheka na wenzangu. Nilikuwa nimejiandaa.

Jioni tulikaa kwenye moto wa pipa. Nilikuwa nimemfunga blanketi mbili. Alitazama zile pikipiki zinaingia, kisha akaniambia, nakuandikia kama alivyosema:

"Noeline. Mwaka ujao tumchukue na yule mdogo."

Nikamuuliza, "Mdogo gani, baba?"

"Isla. Amelia vya kutosha pale getini. Nilikuwa namwona kwenye kioo mpaka kona ya kanisa, na ile kofia yake ya njano. Kila mwaka nasema nigeuze, nimpakate hata magotini. Sigeuzi. Mama yake angeniua, na kile kifua." Akakohoa. "Sasa amekwenda mbali na hatujui kama atakuja tukimwita. Mwandikie wewe. Wewe unajua kuandika."

Nilikuwa nimevaa koti lako, na jina lako, na mkono wake uko kwenye mfuko wangu unatafuta kiazi. Nikasema, "Nitamwandikia, baba. Atakuja."

"Mwambie kofia avae," akasema.

Basi nimekuandikia wewe, kwa kuwa barua aliyoniagiza sina pa kuipeleka. Koti nitalifungasha wiki ijayo.

Mdogo wako,
Isla

*

Kerikeri, 3 Agosti 1986

Mdogo wangu Isla,

Tuko wazima. Ihaka amesoma barua yako baada yangu, akatoka nje kuchungulia mabomba ambayo hayana tatizo lolote.

Nina wivu bado. Usidhani umepona. Miaka yote ile nimekaa kwenye moto wa pipa na baba, na hakuwahi kuniambia jambo kama hilo. Nilidhani tunakwenda sisi wawili. Kumbe tulikuwa watatu tangu mwanzo na mimi sikujua.

Ila kuna kitu nimekumbuka nikiwa naosha vyombo. Nilipoanza kuendesha mimi, kila mwaka tukitoka getini alikuwa akipiga ubavu wa kigari kwa kiganja na kupiga kelele, "Taratibu! Taratibu kanisani!" Kila mwaka. Nilikuwa nakasirika. Nilidhani haniamini kwenye kona. Nilikuwa naongeza mafuta makusudi, kumwonyesha. Alikuwa anataka kioo, Isla, na mimi nilikuwa namnyima.

Koti usilirudishe. Kata mikono ikutoshe, na manyoya yaliyobaki mshonee baba soksi za kulalia.

Mwezi Desemba nakuja. Nitamjibu kwa jina lolote atakaloniita, hata akiniita Isla, nitaitika. Na Julai nitakuja tena, Mungu akimweka. Sitaki usukani. Getini nitasimama mimi na kofia ya njano, nitatafuta moja kabla ya hapo, na kama nitalia ni shauri yangu.

Wewe endesha. Ila ukifika kanisani, punguza mwendo.

Dada yako,
Noeline